Kutoka Kabureta hadi Upulizaji wa Mafuta katika Injini za Ndege Nyepesi: Usalama, Sera na Istilahi katika Mazingira ya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mabadiliko ya injini ya ndege nyepesi kutoka mfumo wa kabureta hadi mfumo wa kupulizia mafuta, kwa kurejelea mazingira ya Kampala na ukanda wa Ziwa Viktoria. Yanabainisha tatizo linalotatuliwa na mabadiliko hayo, matatizo mapya yanayozaliwa nayo, na masharti ya kuyaidhinisha. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko haya hayafai kulazimishwa wala kupuuzwa, bali yapimwe kwa hatari mahususi ya kila ndege na kwa uwezo wa mafundi wanaoihudumia.

1.0 Utangulizi

Uwanja wa Kajjansi, ulioko kati ya Kampala na Entebbe, hutumiwa na ndege nyepesi za mafunzo, za kukodi na za huduma za kijamii. Kwa upande wa mashariki mwa nchi, chuo cha urubani cha Soroti kimekuwa kikifunza marubani na mafundi tangu mwaka 1971. Ndege nyepesi za mafunzo duniani ziko za vizazi viwili. Mfano bora ni Cessna 172: ndege za aina hiyo zilizoundwa kabla ya uzalishaji kusitishwa mwaka 1986 zilitumia kabureta, ilhali zilizoundwa tangu uzalishaji uliporejea mwaka 1996 hupulizia mafuta. Mmiliki wa ndege ya kizazi cha kwanza hana budi kujiuliza iwapo inafaa kuibadilisha.

2.0 Kabureta na tatizo la barafu

Katika kabureta, hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba. Kasi yake huongezeka, shinikizo lake hupungua, na mafuta hufyonzwa kutoka katika bakuli lenye boya. Mafuta yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la hewa hiyo. Joto ndani ya koo huweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji huganda ukutani mwa koo na kwenye kipepeo cha kudhibiti hewa, na njia ya hewa huzibika.

Hapa ndipo dhana iliyozoeleka hupotosha. Wengi hudhani barafu ni tatizo la nchi za baridi pekee. Kinyume chake, hewa kavu ya baridi kali ina maji machache ya kugandisha, ilhali hewa ya nyuzi 20 hivi yenye unyevu wa ziwa ni miongoni mwa hewa hatari zaidi. Hatari huongezeka rubani anapopunguza nguvu ili kushuka, kwa kuwa kipepeo huwa karibu kufungwa. Kinga iliyopo ni kuelekeza hewa ya moto katika kabureta. Kinga hiyo hufaa, lakini hupunguza nguvu ya injini na hutegemea kumbukumbu ya rubani, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi.

3.0 Mfumo wa kupulizia mafuta

Mfumo uliozoeleka katika ndege nyepesi haufanani na ule wa magari ya kisasa. Hauongozwi na kompyuta. Kidhibiti chake hulinganisha mashinikizo ya hewa kwa kutumia viwambo, hupima mafuta yanayostahili, kisha huyapeleka kwa kigawanyi kilichoko juu ya injini. Kutoka hapo, mabomba membamba huyafikisha kwenye nozo ya kila silinda. Mafuta hutiririka mfululizo, na injini huendelea kufanya kazi hata umeme wa ndege ukikatika.

Faida zake ni mbili. Kwanza, mafuta hugeuka mvuke karibu na silinda yenye joto, hivyo barafu ya kabureta hutoweka. Pili, kila silinda hupata mgawo unaokaribiana na wa nyingine, na rubani huweza kupunguza mafuta kwa usahihi zaidi. Faida ya pili ina uzito nchini Uganda. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ikiwa na joto la nyuzi 25 huwa na uzito pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko hewa sanifu ya usawa wa bahari. Asiyepunguza mafuta katika hewa hiyo huyapoteza na huchafua plagi.

4.0 Gharama na matatizo mapya

Kubadilisha mfumo si kung'oa kifaa kimoja na kufunga kingine. Injini za Lycoming za kabureta hutumia shinikizo la mafuta la kati ya paundi 0.5 na 8 kwa inchi ya mraba. Zile za kupulizia huhitaji kati ya paundi 14 na 45. Ndege yenye mabawa juu, ambayo mafuta yake yalishuka kwa uzito wake tu, sasa huhitaji pampu inayoendeshwa na injini pamoja na pampu ya akiba ya umeme. Mabomba hubadilishwa, na kichwa cha kila silinda lazima kiwe na tundu la nozo.

Aidha, injini ikizimwa mchana wa jua kali, joto lake huchemsha mafuta yaliyomo katika mabomba membamba, na kuiwasha upya huwa kugumu. Nozo nazo huzibwa na uchafu mdogo ambao kabureta ingeuvumilia. Kwa hiyo hatari haikuondolewa yote; sehemu yake imehamishwa kutoka mikononi mwa rubani hadi kwenye usafi wa mafuta na umakini wa fundi.

5.0 Uidhinishaji na mapendekezo

Kwa misingi ya Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ndege hudumisha uhalali wake wa kuruka iwapo tu mabadiliko yake yamethibitishwa. Hivyo, fundi hodari wa magari hawezi kuhamishia ujuzi wake kwenye ndege bila cheti cha nyongeza cha aina hiyo ya ndege na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Makala haya yanapendekeza yafuatayo:

(i) Mabadiliko yafikiriwe wakati wa ukarabati mkuu, ambao kwa injini nyingi za aina hii hupendekezwa baada ya saa 2,000. Kabla ya hapo, kipimajoto cha kabureta na mafunzo ya matumizi ya hewa ya moto ni kinga ya gharama nafuu.

(ii) Idhini iambatane na ushahidi wa mafunzo ya fundi na ya rubani, hususan kuhusu usafishaji wa nozo na uwashaji wa injini yenye joto.

(iii) Wakala wa Usalama wa Usafiri wa Anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye makao Entebbe, ulinganishe taratibu hizi, kwa kuwa ndege hizi huvuka mipaka.

(iv) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi za injini za ndege, ikianzia na maneno ambayo mafundi tayari wanayo, kama vile kabureta, nozo na plagi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo utapata maana karakanani pale fundi wa Soroti, wa Mwanza na wa Kisumu watakapoweza kuandika hitilafu moja kwa neno moja.

6.0 Hitimisho

Upulizaji wa mafuta huondoa hatari inayotokana moja kwa moja na hali ya hewa ya ukanda wa ziwa, lakini hudai nidhamu ya matengenezo isiyo na mapengo. Mshauri wa sera anayepima ombi la mabadiliko aanze na karakana: je, mafuta huchujwa, nozo hupimwa, na kumbukumbu huandikwa? Pasipo majibu ya kuridhisha, kabureta inayotunzwa vyema itabaki kuwa salama zaidi.