Pesa huvuka mpaka kwa sekunde, polisi huvuka kwa barua

Tangu mwaka 2015, mwenye M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya anaweza kumtumia pesa mwenye M-Pesa ya Vodacom nchini Tanzania bila kupanda gari wala kufunga noti kiunoni. Kwa wanaonunua vitunguu, mchele na mahindi kupitia Namanga, Holili na Sirari, ilikuwa nafuu kubwa. Lakini njia inayopitisha malipo ya gunia ndiyo hiyo hiyo inayoweza kupitisha pesa ya wizi, na mwizi wa namna hii hahitaji hata pasi ya kusafiria.

Ugumu uko hapa. Pesa ikitoka kwenye laini ya nchi moja, ikaingia laini ya nchi ya pili na kutolewa kwa wakala, kumbukumbu za muamala zimo mikononi mwa kampuni mbili, na uwezo wa kukamata umo mikononi mwa polisi wa nchi mbili. Askari wa Busia upande wa Kenya hawezi kuiamuru kampuni iliyoko Kampala ifungue vitabu vyake. Njia ya kawaida ni barua ya maombi kati ya serikali na serikali, nayo huweza kuchukua miezi. Kufikia siku barua inajibiwa, laini iliyotumika imeshatupwa jalalani.

Ndiyo maana operesheni iliyopewa jina la Serengeti inastahili kuangaliwa na kila anayelipana kwa simu. Kati ya Septemba na Oktoba 2024, Interpol na Afripol ziliziunganisha nchi 19 za Afrika, na watu 1,006 wakakamatwa. Hasara iliyohusishwa na kesi hizo ilikaribia dola milioni 193, na waliodhurika walikuwa zaidi ya 35,000. Polisi hawakufanya kazi hiyo peke yao. Kampuni za usalama wa kompyuta, zikiwemo Kaspersky, Trend Micro, Fortinet na Group-IB, ziliwapa taarifa za seva na anwani za mtandao zilizokuwa zikitumiwa na wahalifu. Kampuni huona nyayo za mwizi mapema, ila haina pingu. Polisi ana pingu, lakini mara nyingi haoni nyayo.

Kesi ya Kenya katika operesheni hiyo inafundisha. Dola milioni 8.6 ziliibwa kwa udanganyifu wa kadi za benki, baada ya kinga za mfumo wa benki kuchezewa. Pesa ikapelekwa haraka kwa kampuni zilizoko Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Karibu watu 24 walikamatwa. Bila mawasiliano kati ya nchi hizo, mpelelezi wa Nairobi angeishia kwenye karatasi ya benki tu.

Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo zilikuwemo katika zile 19. Uganda na Burundi hazikuwemo, na hilo si jambo dogo kwa anayefanya biashara Mutukula au Malaba.

Wengine watasema hizo ni kesi za wakubwa. Si zote. Katika operesheni nyingine, Red Card, iliyofanyika kati ya Novemba 2024 na Februari 2025, Rwanda iliwakamata watu 45 waliojifanya wafanyakazi wa kampuni za simu, wakiwaambia watu wameshinda bahati nasibu, au wakijifanya ndugu aliyeumia anayehitaji pesa ya hospitali. Ni maneno ambayo karibu kila mfanyabiashara ameshayapokea kwenye simu yake. Zaidi ya dola 305,000 ziliibwa kwa njia hiyo mwaka 2024, na kama theluthi moja tu, dola 103,043, ndiyo iliyopatikana.

Kwa upande wa sheria, mwendo ni wa kobe. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao ulipitishwa Juni 2014, lakini ulianza kufanya kazi Juni 2023, baada ya nchi 15 kuuridhia. Rwanda ni mojawapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandaoni, uliopitishwa Desemba 2024, una kipengele chenye manufaa zaidi kwetu: kila nchi iwe na ofisi inayopokea maombi saa 24, siku zote za wiki, ili kumbukumbu zihifadhiwe kabla hazijafutwa. Ulifunguliwa kutiwa saini Hanoi, Oktoba 2025, na lazima uridhiwe kwanza.

Namanga, maofisa wa forodha wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na mzigo hukaguliwa mara moja. Pesa ya mzigo huo bado haina paa kama hilo. Kwa sasa, anayeibiwa apige kwanza kwa kampuni yake ya simu ili pesa izuiwe kabla haijatolewa, kisha aende polisi achukue namba ya taarifa. Ujumbe wa muamala usifutwe, kwa kuwa namba yake ndiyo kampuni ya upande wa pili itakayoitafuta. Jumbe za kitapeli hutumwa 15040 ukiwa Tanzania, na 333 kwa mteja wa Safaricom.