Datsun 240Z na Porsche 911: Tabia za Magari Mawili ya Kale Barabarani na Yampasayo Mnunuzi Kuyajua

Mlaji anayekusudia kununua gari la kale la michezo kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei, hali ya injini na hali ya bodi. Swali la nne husahaulika mara nyingi, nalo ndilo linalogusa uhai wake: gari hili hufanyaje linapokata kona, linapofunga breki ghafla na linapopita kwenye maji? Sura hii inalinganisha magari mawili mashuhuri, Datsun 240Z na Porsche 911 ya miaka ya 1960 na 1970, ili kumsaidia mlaji kulijibu swali hilo kabla ya kulipa. Mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenye gari la kawaida anayekwenda Kariakoo kutafuta matairi au shokapu.

Magari yenyewe

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwaka 1969, na nchini kwake Japani ukoo huu wa magari hujulikana kwa jina la Fairlady Z. Injini yake ya lita 2.4 ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja. Imewekwa mbele, na nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Gari zima lina uzito wa takribani kilo 1,040. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za ngoma.

Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963. Nayo ina silinda 6, lakini zimelala, tatu kila upande, na injini hupozwa kwa upepo badala ya maji. Tofauti kubwa ni mahali ilipokaa injini hiyo: nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya nyuma. Tangi la mafuta liko mbele, pale ambapo magari mengi huweka injini. Breki zake ni za diski kwenye magurudumu yote manne.

Magari yote mawili yalitengenezwa bila mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, bila kifaa cha kielektroniki cha kulirudisha gari linaloteleza, na bila msaada wa hydroliki kwenye usukani. Kosa ambalo gari la leo humsamehe dereva, haya hayamsamehei.

Uzito ulipokaa

Anayetaka kuelewa tofauti ya magari haya na atazame mkokoteni katika mitaa ya Kariakoo. Mvutaji mzoefu hupanga mzigo usawa juu ya ekseli. Mzigo ukizidi nyuma, mipini huinuka mikononi mwake, na anapokata kona mzigo hutaka kuendelea na safari yake ya awali, ukimvuta naye. Gari nalo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Katika Datsun 240Z uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Katika Porsche 911 takribani sehemu tatu kati ya tano za uzito ziko nyuma. Mgawanyo huo una faida. Magurudumu yanayosukuma gari hukandamizwa vyema ardhini, hivyo 911 huondoka kwa nguvu na hupanda mlima wenye utelezi pale ambapo gari jingine lingezungusha matairi bure. Hasara yake ni kwamba magurudumu ya mbele, ndiyo yanayoelekeza gari, hubeba uzito mdogo, na hupungukiwa zaidi kadiri mafuta yanavyokwisha katika tangi la mbele.

Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hilo. Baadhi ya magari ya 911 ya mwanzo yaliongezewa vipande vizito vya chuma ndani ya bampa la mbele. Kisha, kuanzia magari ya mwaka wa 1969, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka milimita 2,211 hadi 2,268. Hivyo magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma na mgawanyo wa uzito ukawa bora kidogo. Umbali huo katika Datsun 240Z ni milimita 2,305. Mnunuzi wa 911 aulize mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa gari la kabla na la baada ya mabadiliko hayo hayana tabia moja.

Yanavyokata kona

Abiria wa daladala anajua kwamba dereva akikanyaga breki, watu wote huinamia mbele. Uzito wa gari nao huhamia mbele dereva anapofunga breki, au anapoinua tu mguu kutoka kwenye pedeli ya mafuta. Matairi ya nyuma hupunguziwa mzigo, na uwezo wao wa kushika barabara hupungua.

Katika Datsun 240Z yenye shokapu na matairi mazima, mabadiliko hayo huja kwa kipimo. Ikiingia kona kwa mwendo mkubwa mno, kwanza sehemu ya mbele husogea nje ya mstari aliokusudia dereva. Usukani humpa taarifa mapema, naye hupata nafasi ya kupunguza mwendo. Akizidisha mafuta katikati ya kona, hasa barabara ikiwa imelowa, ndipo sehemu ya nyuma huteleza.

Porsche 911 humtaka dereva nidhamu nyingine. Katikati ya kona anayeshikilia mafuta kwa utulivu huona gari limetulia pia. Akishtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hulegea, na injini iliyo nyuma ya ekseli hubembea kuelekea nje kama timazi ya fundi mwashi. Gari huweza kugeuka mzima kabla mikono haijawahi kurekebisha usukani. Woga humtuma mtu kuinua mguu, na katika gari hili kufanya hivyo ndiyo hatari yenyewe. Kanuni ya dereva wa 911 ni moja: mwendo hupunguzwa gari likiwa bado limenyooka, kabla ya kona.

Ushahidi wa barabara zetu

Magari haya mawili yalipimwa hapa Afrika Mashariki, katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z, na gari jingine la aina hiyo, la Shekhar Mehta, likashika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda kwa 240Z. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 ikiendeshwa na Björn Waldegård, na nafasi ya pili tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Vic Preston mdogo.

Mlaji asiyachukue matokeo haya kuwa hukumu ya gari lipi ni bora. Magari ya mashindano yaliinuliwa, yaliimarishwa na kuhudumiwa na mafundi waliofuatana nayo njiani. Somo lake ni kwamba miundo yote miwili inaweza kuhimili vumbi, tope na mashimo, ikiwa sehemu za chini ni nzima na dereva ameijua tabia ya gari lake. Gari lililokaa uani miaka kumi, bushi zikiwa zimekauka na shokapu zikivuja, halina tena tabia iliyoelezwa hapo juu, na hakuna awezaye kutabiri litafanya nini kwenye kona.

Vipuri na matairi

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam safari ya kutafuta vipuri huishia Kariakoo na Gerezani. Vipuri halisi, vya kuiga na vilivyotumika huuzwa huko katika maduka yanayopakana. Kwa magari haya mawili mlaji azingatie yafuatayo.

Kwanza, shokapu zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto, na zote mbili ziwe za aina moja. Shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari likate kona ya kulia kwa tabia moja na ya kushoto kwa tabia nyingine.

Pili, kauli ya "hii inaingiana" isikubaliwe bila maelezo. Kipuri kinaweza kufungika na bado kisifae kwa uzito wa gari.

Tatu, tairi husomwa tarehe yake. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kale hutembea kidogo, kwa hiyo matairi yake huweza kuzeeka na kuwa magumu huku kashata zikiwa bado ndefu. Tairi la namna hiyo halishiki lami iliyolowa.

Nne, Porsche 911 huhitaji upepo mwingi zaidi nyuma kuliko mbele, na matoleo yake mengi ya baadaye huvaa matairi mapana zaidi nyuma. Fundi wa matairi aliyezoea kujaza magurudumu yote sawa aelezwe mapema, na vipimo vifuatwe kama vilivyo katika kitabu cha gari.

Tano, kutu ichunguzwe kama suala la usalama. Hewa ya bahari hula chuma. Katika 240Z tazama sakafu, fremu za chini na mahali shokapu zinaposhikiliwa. Katika 911 iliyotengenezwa kabla ya bodi zake kuanza kupakwa zinki yote, yaani kabla ya magari ya mwaka wa 1976, tazama sakafu na mahali mfumo wa springi unaposhikamana na bodi. Mahali hapo pakioza, magurudumu hayakai tena pale yalipokusudiwa.

Majaribio kabla ya kulipa

Gari lisijaribiwe katika msongamano wa Msimbazi au Lumumba, ambako bodaboda, guta na waenda kwa miguu hugawana barabara. Chagueni barabara iliyonyooka, kavu na isiyo na watu, na hakikisheni kwanza kuwa bima ya gari iko hai. Muuzaji aendeshe kwanza, mnunuzi afuate.

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, legeza mikono kidogo bila kuuacha usukani: gari lisivute upande. Funga breki kwa wastani: lisiyumbe. Pita tuta polepole na usikilize kama kuna mlio wa chuma kugonga chuma. Lisimamishe, kandamiza kila pembe ya bodi kwa nguvu kisha uachie: likibembea mara kadhaa, shokapu zimechoka. Mwisho, fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji, alikague gari likiwa limeinuliwa.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji akisema kipuri ni halisi na ilhali ni cha kuiga, amekiuka sheria, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Aidha, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayokitakia kifaa na kuutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo taja aina ya gari, mwaka na matoleo yake, na uombe yaandikwe kwenye risiti. Dai risiti ya EFD kila mara. Kumbuka pia kwamba ukishalikagua gari, ni vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionesha. Kagua kwa makini au usikague kwa haraka.

Lipi likufae?

Kwa anayeanza kumiliki gari la kale, Datsun 240Z humpa dereva onyo mapema zaidi na humwadhibu polepole. Porsche 911 humfaa aliye tayari kujifunza upya namna ya kutumia mguu wake wa kulia, na kufanya hivyo mahali salama kabla ya mvua za masika. Magari yote mawili yana sharti moja: fedha ya shokapu, bushi, breki na matairi itengwe kabla ya fedha ya rangi na marembo. Mnunuzi ambaye bajeti yake inaishia kwenye bei ya gari, hajawa na uwezo wa kulinunua.