Kuku wa mkahawani: Unalipia nini hasa?

MISHAHARA inapolipwa mwishoni mwa mwezi, familia nyingi za mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, hujikuta zikijadili jambo moja: je, twende mkahawani tukale kuku wa kukaangwa, au tununue kuku mzima tujipikie nyumbani?

Swali hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwa mwenye kipato cha chini ni zito. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kilichoanza kutumika Novemba 2024, kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Anayefanya kazi siku 26 kwa kiwango hicho hupata takriban Sh620 kwa siku. Kwa mtu kama huyo, mlo mmoja wa Sh1,000 ni ujira wa zaidi ya siku moja na nusu. Akiandamana na mkewe na watoto wawili, karibu robo ya mshahara wake wa mwezi itakuwa imeliwa jioni moja, kabla ya kodi ya nyumba na karo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya kuamua iwapo bei ya mkahawa ni halali au ni unyonyaji, yafaa kwanza kujua imeundwa na nini.

Kuku ni yule yule

Katika mitaa mikongwe kama Bahati, Jericho, Maringo na Kaloleni, kuku alikuwa mlo wa mgeni na wa sikukuu. Alitoka mashambani akiwa hai, miguu imefungwa kamba, au alinunuliwa sokoni na kuchinjiwa nyumbani. Aghalabu alikuwa wa kienyeji, na alichemshwa kwa muda mrefu kabla ya kuungwa.

Mambo yalibadilika kadiri ufugaji wa kuku wa gredi ulivyopanuka. Kampuni ya Kenchic, iliyoanza mwaka 1984, ni miongoni mwa zilizowafanya kuku hao wapatikane kwa wingi, na mikahawa iliyobeba jina la Kenchic Inn iliwazoesha wakazi wa Nairobi mlo wa kuku na chipsi. Mwaka 2011, kampuni ya Kimarekani ya KFC ilifungua tawi lake la kwanza nchini Kenya, papa hapa Nairobi. Tangu hapo ushindani wa mikahawa ya kuku umezidi, nayo majumba ya maduka yaliyojengwa Buruburu na Donholm yamewasogezea wakazi wa Eastlands migahawa ya kisasa ambayo zamani waliifuata katikati ya jiji.

Jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii ni kwamba kuku wa mkahawa wa kifahari na yule anayekaangwa kibandani kando ya barabara aghalabu ni wa aina moja. Wote wawili ni kuku wa gredi, waliolishwa kwa wiki tano au sita hivi kabla ya kuchinjwa. Mikahawa humpendelea kuku huyo kwa sababu nyama yake ni laini na huiva upesi ndani ya mafuta. Kuku wa kienyeji, ambaye huchukua miezi kadhaa kukomaa, ana ladha nzito lakini nyama yake ni ngumu, na akitumbukizwa kwenye mafuta bila kuchemshwa kwanza hukauka nje ilhali ndani angali mgumu.

Kwa hivyo, anayelipa bei ya juu akidhani amenunua kuku bora kuliko wa wengine, mara nyingi amekosea. Tofauti kubwa haiko kwa ndege mwenyewe.

Sh1,000 zaenda wapi?

Tuchukue mfano wa mkahawa unaouza vipande viwili vya kuku, chipsi na soda kwa Sh1,000. Bei hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini hesabu yenyewe hufuata mkondo mmoja.

Kwanza, serikali huchukua fungu lake. Ushuru wa VAT ni asilimia 16, na mikahawa inayotozwa ada ya utalii huongeza asilimia mbili. Katika bei ya Sh1,000 inayojumuisha vyote viwili, VAT ni takriban Sh136 na ada ya utalii ni Sh17. Mwenye mkahawa husalia na Sh847.

Pili, kuna chakula chenyewe. Kuku mzima hukatwa vipande vinane au tisa. Ikiwa mkahawa umemnunua kwa Sh500 na kumkata mara nane, vipande viwili vimeugharimu Sh125. Ongeza viazi, mafuta, unga, viungo, soda na kasha la kubebea. Katika biashara ya mikahawa, kanuni inayotumiwa sana ni kwamba gharama ya chakula isizidi thuluthi moja ya mauzo. Kwa mfano wetu, hiyo ni karibu Sh280.

Zinazobaki, zaidi ya Sh560, hulipa kodi ya jengo, mishahara ya wapishi na wahudumu, umeme, maji, leseni, usafi, matangazo na ulinzi. Mkahawa unaotumia jina la kampuni ya kigeni pia hulipa ada kwa mwenye jina hilo. Chakula kikiagizwa kwa simu na kupelekwa nyumbani, programu ya usafirishaji hukata kamisheni yake. Faida ya mwenye mkahawa hutoka katika kile kinachosalia baada ya hayo yote.

Maana yake ni kwamba katika kila Sh1,000, kuku aliye mezani ni sehemu ndogo mno. Sehemu kubwa ni malipo ya mahali, ya huduma na ya jina.

Mteja pia hulipia uhakika kwamba ladha ya leo itakuwa ladha ya kesho, hata akibadilisha tawi. Uhakika huo una gharama ambazo wakati mwingine hushangaza. Januari 2022, Wakenya wengi walikasirika KFC ilipoishiwa na chipsi, ikabainika kwamba viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje ilhali wakulima wa Nyandarua na kwingineko huvuna viazi kwa wingi. Kampuni hiyo ilieleza kuwa wasambazaji wake hulazimika kupitia utaratibu wa kimataifa wa kuidhinishwa kwa ubora, na baada ya shinikizo ikasema itawatafuta wa humu nchini. Tukio hilo lilionyesha kwamba mteja wa mkahawa wa aina hiyo hulipia mfumo mzima ulio nyuma ya sahani.

Siri iko kwenye mafuta

Ikiwa kuku ni yule yule, mbona wa mkahawani huwa mkavu kwa nje na mwenye majimaji kwa ndani, naye wa kwingineko huchuruzika mafuta?

Jibu ni joto. Mafuta ya kukaangia kuku yanafaa kuwa na joto la kati ya nyuzi 160 na 175 hivi za Selsiasi. Kipande kikiingia ndani ya mafuta yenye joto hilo, maji yaliyo kwenye nyama hugeuka mvuke na kusukuma kuelekea nje. Mvuke huo ndio tunaouona kama mapovu, na ndio huyazuia mafuta kupenya. Unga uliopakwa nje hukauka na kuwa gamba, nayo nyama huiva ndani yake.

Mpishi akijaza karai kupita kiasi, au jiko likiwa hafifu, joto hushuka. Mvuke hupungua nguvu, mafuta hupenya, na kuku hutoka akiwa mzito na mwenye kukinaisha. Mikahawa mikubwa huepuka hilo kwa kutumia mitambo inayodhibiti joto yenyewe. Mingine hukaanga kwa shinikizo ndani ya chombo kilichofunikwa, mbinu ambayo Mmarekani Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kupunguza muda wa kusubiri. Aidha, nyama hulazwa kwenye maji ya chumvi na viungo kwa saa kadhaa, na chumvi hiyo huisaidia kuhifadhi majimaji yake.

Mbinu hizo, isipokuwa ile ya shinikizo, hazihitaji mtambo wa bei ghali. Karai zito kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji laweza kufanya kazi hiyo, mradi mpishi akaange vipande vichache kwa wakati mmoja na kuyaacha mafuta yapate moto tena kabla ya kuongeza vingine.

Unafuu wa kibandani na hatari zake

Kati ya mkahawa na jiko la nyumbani kuna kibanda. Kuanzia Kayole hadi Dandora, Umoja hadi Kariobangi, jioni haipiti bila harufu ya chipo mwitu, shingo, miguu na vipande vya kuku vikikaangwa kando ya barabara. Kwa wakazi wengi, hapo ndipo nyama ya kuku hupatikana kwa pesa zilizopo mfukoni. Mwenye kibanda halipi kodi ya jumba la maduka, na ndiyo maana bei yake ni nafuu.

Wako wapishi wa vibandani ambao ni safi na hodari. Hata hivyo, mafuta ndiyo gharama inayomshawishi mfanyabiashara mdogo kubana. Bei ya mafuta ya kupikia ilipopanda sana mwaka 2022, kufuatia vita nchini Ukraine na hatua ya Indonesia kuzuia kwa muda uuzaji wa mafuta ya mawese nje, kuyatumia yale yale kwa siku nyingi kuliongezewa kishawishi. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika na kutoa kemikali zisizofaa mwilini.

Kuna hatari kubwa zaidi. Kwa miaka mingi, kampuni ya umeme ya Kenya Power ililalamikia wezi wanaobomoa transfoma na kufyonza mafuta yake, na mwaka 2014 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti kwamba baadhi ya mafuta hayo yaliuzwa kwa wakaangaji wa vyakula. Yalipendwa kwa kuwa hudumu muda mrefu bila kuungua. Hayo si chakula, na yanaweza kuwa na sumu.

Mteja anaweza kujikinga kwa kutumia macho na pua. Mafuta meusi, mazito, yanayofanya povu lisiloisha au kutoa moshi kabla ya chakula kuingia yamekwisha kuharibika. Isitoshe, sheria inamtaka kila mhudumu wa chakula apimwe afya kila baada ya miezi sita na kuwa na cheti, na mteja ana haki ya kuuliza.

Vilevile, nyama iliyoiva haivutiki kama mpira, na majimaji yake hayana damu. Wekundu kidogo karibu na mfupa peke yake si ishara ya ubichi, kwani mifupa ya kuku mchanga huvuja rangi. Kipimo cha hakika ni joto la ndani kufika nyuzi 74.

Hesabu ya nyumbani

Sasa turudi kwa ile familia ya watu wanne. Mkahawani, kwa Sh1,000 kila mmoja, bili ni Sh4,000.

Nyumbani, tuseme kuku mzima wa gredi ni Sh500, mafuta yatakayotumika Sh120, unga na viungo Sh60, gesi Sh50, na kilo mbili za viazi Sh160. Jumla ni Sh890. Kila mtu atapata vipande viwili na chipsi kwa chini ya Sh225. Hata wakiongeza soda, zaidi ya Sh2,500 zitasalia.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Kukata, kuloweka, kukaanga na kuosha vyombo huchukua saa mbili au zaidi, na kazi hiyo mara nyingi humwangukia mtu mmoja, aghalabu mama. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambako jiko liko hatua mbili kutoka kitandani, moshi wa mafuta hubaki kwenye nguo na mapazia. Na katika mitaa ambako maji huja kwa zamu, karai lenye mafuta si jambo la kuchekea. Anayesema kwamba chakula cha nyumbani hakina gharama zaidi ya bei ya sokoni hajaihesabu jasho ya mpishi.

Lini bei inafaa?

Kutokana na hayo, mlo wa mkahawani una thamani pale mteja anapokihitaji kile hasa kinachouzwa: meza safi, mahali pa kuketi na watoto pasipo haraka, mafuta yanayobadilishwa, na mama kupumzika jioni moja. Siku ya kuzaliwa ya mtoto, au kufaulu mtihani, ni sababu tosha kwa mwenye uwezo.

Hauna thamani pale kuku anapobebwa kwenye kasha na kuliwa kitandani saa moja baadaye. Kufikia hapo gamba limelainika kwa mvuke, meza na huduma zimeachwa kule kule, lakini bei ni ile ile au hata zaidi. Wala hauna thamani unapokuwa desturi ya kila wiki kwa familia inayokopa ili kumaliza mwezi.

Kwa mwenye kipato cha wastani, njia ya busara ni kwenda mara chache, na kuagiza kuku mzima wa kugawana badala ya mlo wa mtu mmoja mmoja, kwa maana vipande vikiuzwa kwa pamoja kila kimoja huwa nafuu. Soda na chipsi zaweza kupunguzwa, kwani hivyo ndivyo vyenye faida kubwa kwa muuzaji na gharama ndogo kununuliwa kwingineko. Na siku nyinginezo, karai la nyumbani, mafuta safi na subira vitatoa kuku asiyepungukiwa na chochote, isipokuwa jina lililoandikwa kwenye kasha.