Kuku uliyemla jana aliishije?

Hebu simama dakika tano tu pale stendi ya Mkwajuni. Hutakosa kuona baiskeli au bodaboda inapita na kuku kumi au kumi na tano, wamefungwa miguu, vichwa vinaning'inia chini. Wanapelekwa kwa mama lishe, au kwa wachimba dhahabu ambao mfuko ukiwa mzuri hawataki kusikia habari za maharage.

Umeshazoea, si ndiyo? Hata mimi nilizoea. Lakini kuku hana kiwambo, yaani ule msuli ambao kwetu sisi unatenganisha mapafu na tumbo. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo yote yanashukia kwenye mapafu na vifuko vyake vya hewa. Tunasema "ametulia", kumbe hana pumzi.

Mwaka 2017 serikali yetu iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya, kwa hofu ya mafua ya ndege. Watu wengi walikasirika, huku na huko Kenya. Mimi nilijiuliza, mbona hasira ile haifiki stendi? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kumtesa mnyama ni kosa, hata kama umemnunua kwa pesa yako.

"Sasa dada, si watachinjwa tu?" Swali hilo vijana huniuliza kila mara. Ndiyo, watachinjwa. Na mimi nakula nyama, sitaki kukudanganya. Wapo wanaoacha kabisa kwa sababu ya dini au dhamiri, na wana afya nzuri tu, mradi wale kunde, karanga na mboga za majani, na wasiotumia hata maziwa na mayai watafute vitamini B12. Lakini msichana aliyeanza hedhi anahitaji madini ya chuma, na ukimpa dagaa au kipande cha nyama unamsaidia. Kwa hiyo simwambii mtu aache. Ninachouliza ni kuhusu siku alizoishi yule kuku kabla ya kisu.

Kuku wa kienyeji anachukua miezi mitano au sita kukua. Kuku wa nyama wa kisasa yuko tayari kwa wiki tano au sita. Eti anachomwa sindano za homoni, na mvulana akimla anaota matiti? Uzushi. Siri yake ni mbegu iliyochaguliwa kizazi hadi kizazi, na chakula chenye protini nyingi. Tatizo ni kwamba nyama inakua haraka kuliko miguu na moyo. Wengine wanachechemea, wengine wanakufa ghafla wakiwa bado vifaranga wanene.

Wa mayai nao wana yao. Vifaranga madume wa mbegu hiyo hawatagi wala hawanenepi, hivyo katika viwanda vingi vya kutotolesha huuawa siku ile ile wanapoanguliwa. Majike huwekwa kwenye vizimba vya waya. Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu kuhusu mambo hayo na nchi nzima ikashtuka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya zamani kuanzia 2012. Humo kila kuku alikuwa na nafasi ndogo kuliko karatasi moja ya A4. Kwetu vizimba vya waya vinauzwa mjini kama maendeleo.

Kwa nini nakuambia wewe? Kwa sababu vikundi vya vijana vikipata mkopo, mradi wa kwanza kutajwa ni kuku. Nilipokuwa chuoni, wenzangu wanne na mimi tulifuga kuku 100 wa nyama kwenye chumba ambacho kingetosha nusu yao. Hewa ilikuwa nzito, macho yanawasha. Wiki ya nne wakaanza kukoroma. Tukawapa antibiotiki kwenye maji, wakapata nafuu, na siku ya pili tukawauza wote. Ada ilikuwa inadaiwa. Wateja wetu walikuwa mama wa mtaani wenye watoto.

Dawa ile ilikuwa bado mwilini mwa kuku. Ukizoea kuwapa ovyo, bakteria nao wanazoea dawa. Siku mtoto akiugua, bakteria hao wanaweza kugoma kuondoka kwa dawa ileile au ya jamii yake. Sisi tuliwabananisha, wakaugua, tukafunika ugonjwa kwa dawa, tukamwachia mlaji deni.

Kama una banda, anza na nafasi: kuku wa nyama wasizidi kumi kwa mita moja ya mraba, na ukuta uwe na wavu mpana wa kupitisha hewa. Badilisha pumba zikilowa. Siku za kusubiri kabla ya kuuza zimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Nyingine ni siku chache, nyingine ni zaidi ya wiki. Kama kibandiko kimebanduka, au maandishi huyaelewi, usikisie. Kipeleke kichupa kwa ofisa mifugo wa kata kabla hujamimina hata tone kwenye maji.