Editi Picha ya Zao Lako Iseme Kweli: Mwongozo kwa Mkulima Anayeuza na Kuomba Ushauri kwa Simu



Siku hizi biashara ya mazao inaanzia kwenye simu. Dalali wa soko la Ilala hapandi basi kuja Ilula kuangalia nyanya zako kwanza. Anakwambia, "Nitumie picha." Mnunuzi wa vitunguu naye anasema hivyo hivyo. Hata mimi afisa ugani, kabla sijawasha pikipiki, nitakuomba picha ya jani. Kwa hiyo picha imeshakuwa nyenzo ya kazi kama lilivyo bomba la kupulizia dawa.

Sasa shida iko wapi? Kuna wanaotuma picha ya giza ambayo haionyeshi kitu, na kuna wanaoiediti mpaka nyanya inawaka kama taa ya breki. Wote wawili wanapoteza hela. Leo nataka ushike kanuni moja tu: editi picha ifanane na kile ulichokiona kwa macho yako, si kile unachotamani mteja akione.

Kwa nini kamera inakosea

Macho yetu yanauzoea mwanga wa mahali tulipo. Kamera yenyewe inakisia. Ukipiga picha ya nyanya chini ya turubai la bluu, mwanga unaopita pale ni wa bluu, na nyanya nzuri zitatoka zimefifia kama zimelala siku tatu. Chini ya neti ya kijani zitaelekea rangi ya udongo. Ukipiga saa 6 mchana jua likiwa kali, juu ya tunda panakuwa peupe pee na chini panakuwa giza tupu.

Makosa ya rangi na giza kiasi yanarekebishika. Ila sehemu iliyounguzwa na jua ikawa nyeupe kabisa haina taarifa yoyote ndani yake, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Picha iliyotikisika nayo ni hivyo hivyo. Hizo rudia kupiga, usipoteze muda.

Kwa hiyo anza vizuri. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana simu ya shambani ina vumbi na jasho. Piga asubuhi au jioni, au kwenye kivuli cha wazi kisicho na turubai la rangi. Halafu weka kitu cheupe pembeni ya zao: karatasi, au kipande cha mfuko wa sandarusi mweupe. Hicho cheupe kitakusaidia sana huko mbele.

Programu gani utumie

Huhitaji kununua kitu. Snapseed ya Google ni ya bure na inafanya kazi zote nitakazozitaja. Simu nyingi za Android zinakuja na Google Photos, nayo inatosha kwa marekebisho madogo. Mwenye kompyuta anaweza kupakua GIMP, ni ya bure pia.

Hatua kwa hatua

1. Tunza picha halisi. Fanyia kazi nakala. Ukiharibu, unarudi mwanzo bila hasara.

2. Kata na nyoosha. Ondoa miguu ya watu, ndoo na takataka za pembeni. Zao lichukue sehemu kubwa ya picha. Kukata peke yake kunaweza kumaliza nusu ya kazi.

3. Rekebisha mwanga. Usikimbilie kupandisha mng'ao wa picha nzima. Pandisha kwanza sehemu za vivuli, kisha shusha kidogo sehemu zenye mwanga mkali. Hapo tunda la chini ya tenga litaonekana bila kuliunguza la juu.

4. Rekebisha rangi kwa kutumia kile cheupe. Kwenye Snapseed kuna kifaa cha kupima weupe chenye alama ya kidondoshea. Kiguse pale kwenye karatasi. Programu itaelewa kwamba hapo panatakiwa pawe peupe, na rangi nyingine zote zitafuata. Ule ubluu wa turubai unapungua sana au kuisha kabisa.

5. Ongeza ukali kidogo tu, mpaka uone ngozi ya tunda vizuri. Ukizidisha, nyanya inakuwa kama ina magamba.

6. Ukolevu wa rangi achana nao. Hapa ndo vijana wengi wanapotelea, na nitakwambia sababu sasa hivi.

Kabla hujahifadhi, zima ile hali ya simu ya kulinda macho usiku, kwa sababu inafanya kioo kiwe cha njano na utarekebisha kitu ambacho hakina kosa. Weka mwanga wa kioo katikati. Kisha shika tunda lenyewe pembeni ya simu, ulinganishe. Vikifanana, umemaliza. Visipofanana, tunda ndilo lenye haki.

Picha ya soko: wekundu wa uongo unakula bei yako

Mkulima anadhani nyanya ikionekana nyekundu zaidi atapata bei zaidi. Fikiria upande wa mnunuzi. Yeye ana safari ndefu mpaka Dar es Salaam, matenga yamepangana kwenye Fuso, barabara ina matuta. Mara nyingi anataka nyanya zilizoanza kugeuka rangi, ngumu, zitakazomalizia kuiva njiani na sokoni. Wewe umekoleza rangi, yeye anaona nyanya zilizoiva zikapitiliza. Aidha anapita kwa jirani yako, au anakupa bei ya nyanya za kuuzwa leo leo.

Na ukikoleza kinyume chake, ukaficha udhaifu, hali ni mbaya zaidi. Kuna kikundi cha vijana ninaowahudumia walifuta madoa kwenye nyanya kwa kile kifaa cha kuondoa alama. Gari likaja, mnunuzi akafungua tenga la kwanza, akaona madoa. Nyanya zilishavunwa, hazina pa kwenda, na jua linapanda. Unafikiri nani alipanga bei hapo? Vijana waliuza kwa bei ya kutupa, na yule mnunuzi mpaka leo hapokei simu zao.

Kwa hiyo futa takataka ya nyuma kwa kuikata, lakini alama iliyo kwenye zao iache. Piga picha ya tenga la juu, na nyingine ya nyanya za ndani ya tenga. Weka tunda moja lililokatwa katikati. Andika tarehe ya kuvuna na daraja. Mnunuzi akikuta kile alichokiona kwenye simu, safari ya pili hatakuomba picha nyingi. Ataamini neno lako.

Picha ya ugonjwa: hapa mikono mbali

Hii ni tofauti kabisa. Picha unayoniletea kwa ajili ya ushauri usiipake chochote. Kata kama ni lazima, basi.

Nakupa mifano. Upungufu wa naitrojeni kwenye mahindi unaonekana kwa njano inayoanzia ncha ya majani ya chini na kuingia kwenye mshipa wa katikati kama herufi V. Upungufu wa potasiamu unaanzia kingo za majani. Ukiongeza joto la rangi kwenye picha, jani zima linaelekea njano, na ile tofauti inapotea. Unaweza kununua mfuko wa urea wa kilo 50 kutibu ugonjwa uliouzaa mwenyewe kwa kidole.

Kwenye nyanya, bakajani tangulia ina madoa yenye duara ndani ya duara. Bakajani chelewa ina mabaka meusi yaliyolowa, na kukiwa na unyevu utaona ukungu mweupe chini ya jani. Ile hali ya kamera ya kulainisha ngozi, inayopendwa kwa picha za harusi, inafuta zile duara na ule ukungu. Bakajani chelewa ikikutana na baridi na unyevu haisubiri mjadala, inaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache. Nikishauri kwa picha iliyolainishwa, utapulizia dawa isiyo yake huku ugonjwa ukitembea.

Kwa hiyo nitumie picha nne zisizoguswa: shamba kwa upana, mmea mzima, jani kwa juu, na jani kwa chini. Kwenye hizo za karibu weka kalamu au sarafu ili nijue ukubwa wa doa.

Namna ya kutuma

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili iende haraka, na vitu vidogo kama utitiri au njia za kantangaze ndani ya jani vinaweza kupotea. Tuma kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida. Bando litaliwa kidogo zaidi, lakini nitaona unachokiona wewe. Pia epuka kuhifadhi picha ile ile upya mara nyingi, kwa sababu faili za JPEG hupoteza ubora kidogo kila zinapohifadhiwa baada ya kuguswa.

Leo jioni jaribu kwa tunda moja na karatasi moja nyeupe. Piga, rekebisha, kisha linganisha na tunda mkononi. Ukiweza hilo, unaweza kuuza tenga ambalo mnunuzi hajaligusa.

Kazi njema shambani.