Bomba Fupi na Pembe Mraba

Muhula uliopita nilipoteza maksi nane katika karatasi ya hesabu kwa sababu ya alama moja ndogo ya kutoa. Naandika haya ili mwenzangu asije akatumbukia katika shimo lile lile.

Tuseme bomba kubwa la maji lapita karibu na shule, nasi twataka kulitoboa tuvute maji mpaka jikoni. Chora ramani katika karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa mita 10. Bomba kubwa ni mstari y = 2x + 1, na jiko liko penye nukta (7, 5). Bomba lanunuliwa kwa mita, kwa hiyo twatafuta njia iliyo fupi kuliko zote. Njia hiyo ni moja tu, ile inayokutana na bomba kubwa kwa pembe mraba.

Mteremko wa bomba kubwa ni 2, maana ukienda hatua moja kulia wapanda hatua mbili. Kata pembetatu ya karatasi yenye hatua hizo, kisha uizungushe robo ya mzunguko kuelekea kushoto. Ile hatua moja ya kulia yasimama, ikawa ya kupanda. Na zile mbili za kupanda zalala, zikaelekea kushoto. Basi mteremko mpya ni 1 kwa -2, yaani -1/2. Namba imepinduliwa, na alama imegeuka. Ni mambo mawili, si moja! Mimi nilipindua nikasahau kugeuza. Ukitaka kuhakikisha, zidisha miteremko yote miwili: sharti upate -1.

Tena mstari wetu lazima upite jikoni:

y - 5 = -1/2(x - 7)

Zidisha kote kwa 2 na kupanga upya, wapata x + 2y = 17.

Tutoboe wapi? Mahali pa y tia 2x + 1:

x + 4x + 2 = 17

Basi x = 3, na y = 7. Kutoka (3, 7) hadi (7, 5) ni hatua 4 kwa 2. Kwa kanuni ya Pythagoras urefu ni √20, yaani mita 45 hivi. Mtu wa kwenda kushoto moja kwa moja angetumia mita 50. Na mimi je, na 1/2 yangu isiyo na alama? Ningetoboa penye (1/3, 5/3) na kununua karibu mita 75. Mita 30 za bure, na fundi akinicheka!

Mstari uliolala kabisa, kama y = 3, mteremko wake ni 0, na sifuri haipinduliki. Hapo usihangaike: mstari uliosimama unaopita jikoni ni x = 7.

Sasa jaribu mwenyewe. Bomba ni y = 1/3x + 2, na jiko liko penye (2, 6). Ukitoboa penye (3, 3), hujakosea.