POLISI JAMII: TUTAJUAJE KAMA MPANGO UNAFANYA KAZI?

Mpango mpya wa usalama ukizinduliwa, tunasikiza hotuba, tunapiga makofi, halafu kila mtu anaenda zake. Mwaka 2005 serikali ilizindua polisi jamii. Mwaka 2013 ikaja Nyumba Kumi, wazo lililofanana na lile la mabalozi wa nyumba kumi kumi kule Tanzania. Baadaye wengine husema, "Imesaidia," wengine, "Hiyo ilikufa zamani." Lakini ni nani amepima?

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Hata sisi wananchi tunaweza, tukijiuliza maswali mawili.

1. Je, yaliyoahidiwa yametendeka?
Wengi hulipita swali hili. Lakini mgonjwa akipewa dawa asiimeze, utasemaje dawa ni mbaya? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kamati za polisi jamii ziwakilishe wakazi wa eneo. Basi angalieni: kamati iko? Akina mama na vijana wamo, au ni marafiki wa chifu tu? Inakutana lini, na kumbukumbu za mikutano anaziweka nani? OCS huhudhuria? Na aliyetoa habari, jina lake hufichwa? Jina likifikia wezi hata mara moja, hakuna mtu atakayesema tena.

2. Je, kuna mabadiliko?
Hapa jihadharini na hesabu. Kesi zilizoandikwa kwenye OB zikipungua, labda wizi umepungua. Labda pia watu wamechoka kuripoti, au wanaogopa. Zikiongezeka, huenda ni kwa sababu wananchi wameanza kuwaamini polisi. Kwa hivyo waulizeni watu wenyewe: mama mboga anayefunga kibanda usiku, kijana anayesimamishwa njiani kila jioni, mpangaji mgeni. Waulizeni kabla ya mpango kuanza, kisha baada ya miezi sita, maswali yale yale. Bila hayo ya kwanza, hamtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Mkipata kasoro, msikimbilie kuuvunja mpango. Kama kamati haikutani, dawa ni ikutane. Isemeni kasoro hiyo barazani, OCS akiwepo, na mkubaliane ni nani atairekebisha na kufikia lini. Siku hiyo ikifika, ulizeni tena.